Machimbo na Mdidimio wa Ardhi: Kutoka Namoya hadi Kolwezi

Wanahistoria wa Kasongo na Kabambare wamezoea kuanza na pembe za ndovu. Hawana makosa, kwani Tippu Tip na wenzake waliufanya mji wa Kasongo kuwa kitovu cha biashara hiyo mpaka majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mwaka 1893. Na Kiswahili cha Lusangi ni urithi wa enzi hiyo. Lakini ipo historia nyingine iliyopita chini ya ardhi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba historia hiyo haijaisha.

Huko Namoya, wilayani Kabambare, Wabelgiji walichimba dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi 1961. Walianza na changarawe za mitoni, kisha wakaufuata mwamba wenyewe. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1982 serikali ya Zaire iliwaruhusu raia kuchimba dhahabu, na bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, SOMINKI ilidhoofika huku wachimbaji wadogo wakiongezeka. Baadaye kampuni ya Banro ilichimba Namoya kwa mashimo ya wazi. Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 2016, na mwaka 2019 kazi ilisimamishwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Shimo la wazi huonekana na kila mtu, handaki hufichika. Nguzo za mwamba zikipunguzwa, au magogo ya kutegemeza dari yakioza, dari humeguka kipande kwa kipande, na uwazi ule hupanda juu polepole. Hatimaye mvua hulainisha udongo uliosalia, na uso wa ardhi hudidimia. Baina ya uchimbaji na mdidimio huweza kupita miaka mingi, na anayejenga nyumba hapo huenda asijue kilichofanywa chini yake.

Kongo imekwisha kulipia somo hili. Katikati ya miaka ya 1980 shirika la Gécamines lilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Pamoja na uchakavu wa mitambo na machafuko ya kisiasa, ajali hiyo ilichangia kuuangusha uzalishaji hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Aidha, tangu mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, walichimba kobalti ndani ya viwanja vyao, na mahandaki yakapita chini ya nyumba.

Njia za kuichunga ardhi zinajulikana: kuacha nguzo za kutosha, kujaza uwazi kwa mawe na mchanga, kusimika vigingi na kupima kimo chake mara kwa mara, na kufuatilia nyufa za kuta. Siku hizi rada za satelaiti hupima hata mdidimio wa milimita chache, ingawa msitu mnene kama wa Maniema huzipunguzia uwezo. Kanuni za madini za Kongo za mwaka 2003 nazo zilimzuia mchimbaji mdogo asipite kina cha meta 30.

Hata hivyo, hakuna kipimo kinachofaa ikiwa haijulikani pa kupimia. Kampuni huchora ramani za mahandaki yake. Mchimbaji mdogo hachori, na shimo lake likifukiwa na kuota majani, hubaki katika kumbukumbu za waliolichimba tu. Kwa mintarafu hii, kazi ya mtafiti wa Kiswahili si ya pembeni. Wazee wa Kabambare wanaokumbuka ni kilima kipi kilitobolewa, na mlango wa handaki ulikuwa wapi, wahojiwe kwa lugha yao, na majina ya machimbo yaandikwe pamoja na mahali pake. Wakiondoka bila kuulizwa, watakaojenga juu ya vilima hivyo hawatakuwa na wa kuwaonya.