Kuongoza Watu Kazini: Mafunzo kutoka Bariadi na Nchi ya Simiyu

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi kuwakumbuka wachungaji waliouhudumia na majengo yaliyosimamishwa. Hata hivyo, kazi ya miaka hiyo yote ilifanywa na watu waliokaa pamoja siku kwa siku: wazee, wainjilisti, makarani, wahasibu, walimu na walinzi. Wahenga walisema kuwa vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Namna ya kuwaongoza watu hao bila kuwavunja ni elimu ambayo Wasukuma wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, wilaya zilizounda Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, waliipata shambani kabla ya kuwapo ofisi.

Nsumba ntale na kazi ya pamoja

Hapo zamani vijana wa kijiji cha Kisukuma walikuwa na chama chao cha kazi, kikiongozwa na nsumba ntale, yaani mkuu wa vijana. Aliyehitaji kulimiwa, kupaliliwa au kujengewa nyumba alimwendea yeye. Nsumba ntale alipanga siku na kupatana na mwenye shamba juu ya malipo, ambayo mara nyingi yalikuwa chakula, pombe au mnyama wa kuchinjwa. Kazi iliendeshwa kwa ngoma na nyimbo, na bugobogobo, ngoma ya majembe, imetokana na mashamba hayo. Mdundo ulimfichua mvivu na kumpa nguvu aliyechoka.

Aliyekosa kazini bila sababu alitozwa faini. Aliyewadharau wenzake alitengwa, na aliyetengwa alijua kwamba msimu wa palizi ungemkuta peke yake. Nidhamu hiyo ilikuwa kali, lakini ilikubalika kwa sababu sheria ilikuwa ya wote na malipo yaliliwa hadharani. Mamlaka ya mkuu wa vijana yalitegemea ridhaa ya wale aliowaongoza.

Amri bila mapatano

Kuanzia mwaka 1947 hadi 1956 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Wataalamu waliona kwamba ardhi ya kati ilikuwa imechoka na mifugo imezidi malisho. Malambo yalichimbwa, vichaka vyenye mbung'o vikafyekwa, na watu wakapata nafasi ya kuhamia ardhi mpya. Mema hayo yalionekana. Lakini pamoja nayo zilikuja amri nyingi za kulima kwa matuta na kupunguza ng'ombe, na aliyezivunja alitozwa faini au kufungwa. Manung'uniko yalikua mwaka hadi mwaka. Baada ya ghasia za Geita mwaka 1958, serikali ililazimika kulegeza amri hizo. Sababu za wataalamu zilikuwa na ukweli ndani yake. Mkulima hakushirikishwa, naye akaliona tuta kuwa adhabu.

Mizani ya pamba

Katika miaka hiyohiyo wakulima wa pamba walilalamikia kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Chini ya uongozi wa Paul Bomani walianzisha vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mkulima alimwamini karani wa chama kwa kuwa mizani ilisomwa mbele yake, na katika muda mfupi Shirikisho likawa miongoni mwa vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Ukubwa huo ulileta majaribu. Mwaka 1966 kamati ya serikali ilichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta upungufu wa elimu kwa wanachama, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, udanganyifu na upendeleo katika kuajiri. Mwaka 1968 Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza kilichukua nafasi ya Shirikisho. Chombo kilichozaliwa kwa sababu ya mizani ya udanganyifu kilidhoofika pale wanachama wake walipoanza kutilia shaka hesabu za watumishi wao wenyewe.

Fundisho kwa sharika

Kanisa limepita katika njia hiyohiyo. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja, kila moja likiwa na desturi zake, na umoja huo umehitaji uvumilivu wa vikao vingi. Na kanisa la kwanza, katika Matendo ya Mitume sura ya 6, lilikabiliwa na manung'uniko kuhusu wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliita mkutano, wakaacha watu wachague saba wenye sifa njema, kisha wakawakabidhi kazi na mamlaka yake.

Nsumba ntale, mizani na wale saba wanakubaliana katika mambo machache. Kiongozi awekwe kwa ridhaa ya anaowaongoza. Kazi ya kila mtu ijulikane na ujira wake ulipwe kwa wakati. Hesabu zisomwe mbele ya wenye mali. Malalamiko yasikilizwe yakiwa bado madogo, tena mbele ya anayelalamikiwa, kabla hayajageuka kuwa makundi ndani ya baraza la wazee. Usharika unaoingia karne ya pili utapata watumishi wenye elimu kubwa kuliko waliotangulia. Watahitaji mapatano yaleyale yaliyowafanya vijana wa Bariadi wainue majembe kwa pamoja na kuyashusha kwa pamoja.