Kumi Kumi: Sumu Inayopikwa na Ini

Wadau, leo turudi nyuma hadi Novemba 2000, kwenye mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi. Watu walikunywa kumi kumi, pombe ya shilingi 10 kwa glasi, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Ndani yake kulikuwa na methanoli, alkoholi ya viwandani. Waliokufa walizidi 100. Wengine walipona, ila wakabaki vipofu.

Cha ajabu ni kwamba methanoli yenyewe si kali sana. Anayeigeuza sumu ni mtumishi wetu wenyewe aliyeko kwenye ini, kimeng'enya kiitwacho alkoholi dehidrojenasi. Jina refu, kazi fupi: kuinyang'anya alkoholi hidrojeni. Ukinywa bia, kinaigeuza ethanoli kuwa asetaldehidi, kisha mwili unamalizia. Kikikutana na methanoli kinafanya kazi ileile, ila safari hii inatoka fomaldehidi, ile ya kuhifadhia maiti, halafu asidi ya fomiki inayoharibu neva za macho. Hii huchukua saa nyingi. Mtu analala mzima, anaamka haoni.

Je, wataalamu hawakujua? Walijua! Mwaka 1948, Stockholm, Bonnichsen na Wassén walikitoa kimeng'enya hiki kikiwa safi kwenye ini la farasi, katika maabara ya Hugo Theorell, aliyepata Nobel mwaka 1955. Miaka ya 1960 maabara hiyo ikaonyesha kuwa kemikali iitwayo pirazoli inakizuia. Humo ndimo ilimotoka dawa ya fomepizoli. Hata ethanoli, ikitolewa na daktari hospitalini, husaidia: kimeng'enya huipenda zaidi, hivyo huiacha methanoli itoke mwilini taratibu.

Marekani iliidhinisha fomepizoli kwa sumu ya methanoli Desemba 2000, mwezi mmoja tu baada ya msiba wa Mukuru. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Mei 2014, methanoli ikaua tena makumi ya Wakenya, Embu na kwingineko.

Kwa hiyo tusiseme walikufa kwa ulevi tu. Kuna aliyechanganya methanoli akijua, na kuna hospitali zisizo na dawa. Hebu ulizia hospitali iliyo karibu nawe: fomepizoli ipo?