Fundi Redio na Litungu: Historia ya Ubunifu wa Kielektroniki wa Mikono katika Musoma, Bunda na Butiama

Historia ya teknolojia ya sauti nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutoka upande wa mnara wa kurushia matangazo. Masimulizi yake huanza na Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, hupitia Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na kufikia Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) mwaka 1965. Katika masimulizi hayo, mikoa ya pembezoni hutokea kama masikio tu. Mara, iliyo zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka, hutajwa kama mahali ambapo sauti hufika, mara nyingi kwa masafa mafupi na kwa mikwaruzo. Insha hii inaitazama historia hiyohiyo kutoka upande wa pili, yaani kutoka benchi la fundi redio. Inajenga hoja kwamba ubunifu wa kielektroniki katika ukanda wa Musoma, Bunda na Butiama haueleweki ukitenganishwa na ufundi wa zamani zaidi wa eneo hilo, ambao ni ufundi wa kutengeneza ala za nyuzi.

Ugumu wa kwanza ni wa kidhana. Fasihi ya Ulaya na Marekani humtenga mtu anayeunda vifaa vya umeme kwa ajili ya kujifurahisha na fundi anayelipwa. Mgawanyo huo haufai hapa. Anayetengeneza redio ya jirani kwa malipo asubuhi ndiye anayeunganisha spika ya redio ya gari na kikuza sauti alichokijenga mwenyewe jioni, kwa sababu tu anataka kusikia kitatoa sauti gani. Mtafiti atakayewatafuta wapenzi wa elektroniki kama kundi linalojitegemea hatawapata, na akikata shauri kwamba hawakuwapo atakuwa amekosea. Walihesabiwa kama mafundi, kama walihesabiwa kabisa.

Ugumu wa pili ni wa vipuri. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mkoa unaopakana na Kenya upande wa Sirari, hilo halikuwa jambo la kidiplomasia pekee. Ndani ya kipindi hichohicho vilitokea vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979, uhaba mkubwa wa bidhaa, na mwaka 1983 kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, ambayo iliifanya hata shehena ndogo ya bidhaa isiyo na maelezo kuwa jambo la hatari. Katika hali hiyo transista mpya haikuwa kitu cha kuagiza. Ilibidi itolewe katika kifaa kilichokufa. Bunda, iliyo kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ilikuwa katika nafasi nzuri kwa hilo, kwani magari yanayopita na kuharibika huacha betri, nyaya, koili na redio. Ikumbukwe pia kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa miongo mitatu baada ya uhuru, redio na baadaye kaseti ndizo zilizokuwa darasa la elektroniki la mwananchi wa kawaida.

Kuna kinaya hapa ambacho wanahistoria wa elimu wamekipita haraka mno. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, lililodai elimu iunganishwe na kazi, miaka saba baada ya Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama na mwanafunzi wa zamani wa Mwisenge, kuandika Elimu ya Kujitegemea. Utekelezaji ulitafsiriwa zaidi kwa jembe: shamba la shule, mifugo ya shule, bustani ya shule. Wakati huohuo, katika mji uleule uliolipa azimio jina lake, kazi iliyoziunganisha fizikia na mikono kwa ukamilifu zaidi kuliko shamba lolote la shule ilikuwa ikifanywa kwenye vibanda vya mafundi, bila silabasi na bila cheti. Si haki kuwalaumu waandishi wa azimio kwa kutoliona. Ni haki kuwauliza waliolichambua baadaye kwa nini nao hawakuliona.

Litungu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi benchi la fundi linavyokutana na ufundi wa ala. Ala hii, iritungu kwa Kikurya, ina nyuzi nane, sanduku la sauti lililowambwa ngozi, mikono miwili na kijiti cha juu ambako nyuzi hufungwa. Jamaa yake wa karibu ni nyatiti ya Wajaluo wa Rorya. Zamani nyuzi zilitokana na kano za ng'ombe. Nyavu na mishipi ya nailoni ilipoenea Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, nailoni iliingia katika ala hizi. Badiliko hilo huonekana dogo, lakini lilikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeyakusudia.

Gitaa la umeme, lililotawala bendi za dansi, hukuzwa sauti kwa sumaku iliyozungushiwa koili. Waya wa chuma unapotetema juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya koili. Nailoni haiigusi sumaku, na kano vilevile. Kwa hiyo njia iliyolifikisha gitaa kwenye jukwaa la dansi ilifungwa kwa litungu tangu mwanzo, kwa sababu ya kifizikia kabla ya sababu yoyote ya kisera au ya kimitindo. Ulinganisho na Kinshasa unasaidia. Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1, lililojulikana duniani kwa albamu ya Congotronics ya mwaka 2004, waliikuza likembe kwa sumaku zilizotolewa kwenye mabaki ya magari. Waliweza kwa sababu vibao vya likembe ni vya chuma. Fundi wa Bunda mwenye sumaku zilezile na ustadi uleule asingefika popote kwa njia hiyo. Kufunga nyuzi za chuma si suluhisho rahisi, kwani mikono ya litungu imeundwa kwa mvuto mdogo, na nyuzi hushikiliwa juu kwa msuguano wa pete za kitambaa au maganda.

Iliyobaki ni njia ya mtetemo. Kisahani cha kauri cha piezo, kinachopatikana ndani ya vifaa vidogo vya kutoa mlio, hugeuza mtetemo wa mbao au ngozi kuwa umeme bila kujali uzi ni wa nini. Hata hivyo kina masharti. Kisahani chenye uwezo wa takriban nanofaradi 20, kikiunganishwa moja kwa moja na chipu ya LM386, ambayo ukinzani wake wa kuingilia ni kiloomu 50, hudhoofisha sauti za chini ya hezi 160 hivi. Nyuzi nzito hubaki kivuli. Kikitanguliwa na hatua ya transista yenye ukinzani wa megaomu 1, mpaka huo hushuka hadi hezi 8 na besi hurudi. LM386 yenyewe, kwa volti 6 za betri nne kavu, hutoa takriban theluthi moja ya wati, kiasi cha kutosha chumbani tu. Kwa uwanja wa harusi huhitajika chipu ya redio ya gari kama TDA2003, yenye kutoa wati 6 kwa volti 14.4 na spika ya omu 4. Ndiyo maana betri ya gari ni sehemu ya historia ya muziki wa mkoa huu.

Mahali pa kugandisha kisahani nako si suala la kielektroniki pekee. Kikiwekwa juu ya ngozi karibu na daraja la nyuzi, sauti hujaa, lakini ngozi huipokea tena sauti ya spika na mlio wa kujirudia huanza mapema. Kikiwekwa kwenye mbao, mlio hupungua na nyuzi hukauka. Katika nyatiti, pete ya chuma ambayo mpigaji hugongea ubao kwa kidole cha mguu husikika kwa nguvu kuliko nyuzi zenyewe. Anayejua uwiano unaokubalika baina ya pete na nyuzi ni mpigaji, wala si mchoro wa saketi.

Suala la ushahidi ndilo gumu kuliko yote. Mafundi hawa hawakuandika, na RTD ilihifadhi kanda, haikuhifadhi vifaa vya wasikilizaji wake. Lakini vibao vya saketi vilivyolehemiwa ni nyaraka. Transista ya germani kama AC128 huashiria kifaa cha kabla ya silikoni kuenea. Chipu nyingi hupigwa chapa ya mwaka na wiki ya kutengenezwa, hivyo kibao chenye chipu ya 8132 hakiwezi kuwa kilifungwa kabla ya Agosti 1981, na kikionekana kilifungwa mpaka ukiwa bado umefungwa, huzua swali la njia iliyopitisha chipu hiyo. Tabaka za risasi ya kulehemu, moja ikiwa inang'aa juu ya nyingine iliyofifia, huonyesha mara ngapi kifaa kilifunguliwa. Nyaraka hizi hazimo katika hifadhi yoyote ya taifa. Hupimwa kwenye mizani na kuuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu vingine.