Mpingo, moto na cheti: kutoka Wamunyu hadi Kilwa

Vinyago tunavyoviona vikiuzwa Mombasa asili yake ni Wamunyu, Machakos, kwa mzee Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mti uliopendwa ulikuwa mpingo, na huku Kenya ukapungua vibaya.

Mimi naunga mkono njia ya Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya kwanza huko vilipata cheti cha kimataifa cha FSC: miti huhesabiwa kabla ya kukatwa, na fedha za magogo hubaki kijijini. Moto haukukatazwa, hupangwa. Nyasi huchomwa mapema kiangazi, zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa baadaye usipate cha kula. Mche wa mpingo ukiungua huchipua tena mizizini. Gogo likiliwa na moto moyoni, mchongaji halitaki. Misonobari ya kusini mwa Marekani nayo hutunzwa kwa moto hivyo hivyo.