Wasiwasi wa Wazee wa Likasi: Kutoka Posho ya Kampuni hadi Marufuku ya Kilio

Wasiwasi wa wazee wakati wa janga, yaani hofu inayomkaa mtu moyoni hata kabla hatari haijamfikia, ikamkosesha usingizi na kumwendesha moyo mbio, huelezwa mara nyingi kana kwamba chanzo chake ni ugonjwa peke yake. Historia ya Likasi, mji wa shaba ulioko Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, yaonyesha kuwa wasiwasi huo hutegemea pia nani amezoea kumtunza mzee, na mlezi huyo aliondoka lini.

Mji huo, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikuzwa na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia iliingia Katanga kwa reli ya kutokea kusini, ile ile iliyoleta vibarua na unga, ikawakuta wafanyakazi wamebanana kambini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja kwa kumpa mkataba mrefu, nyumba ya kukaa na mkewe, posho ya chakula na matibabu. Hivyo ulinzi wa afya, ambao kijijini ulikuwa wajibu wa ukoo, ukahamia kwa mwajiri. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, iliendeleza desturi hiyo, na wafanyakazi wakazoea kuitaja kampuni kuwa ndiyo baba na ndiyo mama.

Mtoto wa kambi aliyezaliwa mwaka 1950 aliushuhudia mpango huo ukibomoka. Alikuwa na miaka 40 mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na uzalishaji ukaanza kuanguka; miaka 42 watu wenye asili ya Kasai walipoanza kufukuzwa Katanga, makumi ya maelfu wakarundikana kwenye kituo cha reli cha Likasi na kandokando yake wakingoja treni; na miaka 53 mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoachishwa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, wengi wakiwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Waliopokea fedha za mkupuo za mpango huo walipoteza pia haki ya kutibiwa katika hospitali za kampuni. Miaka miwili kabla ya hapo, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshaandika kwamba Bana Shaba, yaani watoto wa shaba, wameachwa na baba yao.

Pengo hilo lilizibwa na mashamba ya pembezoni mwa mji, biashara ndogo ya mlangoni, likelemba, ambayo ni mchango wa zamu kati ya watu wanaoaminiana, na zaidi ya yote makundi ya sala. Katanga ilikuwa na mizizi ya zamani katika jambo hilo, kwani vuguvugu la Kikatoliki la Jamaa, lililoanzishwa na padre Placide Tempels karibu na Kolwezi katika miaka ya 1950, lilienea katika kambi za migodi kwa kuwafundisha watu kukutana na kufunguliana mioyo.

Tarehe 18 Machi 2020, siku nane baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Rais Félix Tshisekedi alifunga makanisa, akazuia mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, na akapiga marufuku matanga majumbani na kumbini: maiti itoke mochwari moja kwa moja hadi makaburini, ikisindikizwa na wachache. Kwa afya ya umma hatua hizo zilikuwa na sababu, lakini ziligusa tegemeo lile lile ambalo wazee walibaki nalo. Katanga, kilio ni siku za majirani kulala uani mwa mfiwa, kupika pamoja na kuchangia gharama, na mzee aliyehudhuria vilio vya wenzake miaka yote huhesabu kuwa naye amejiwekea akiba ya kuzikwa. Kwa hiyo ushauri wa kumtuliza mzee kwa kumwambia abaki nyumbani ulidhani kwamba nyumba hiyo ina pensheni na daktari, ilhali Likasi vyote viwili vilikuwa vimeondoka na kampuni, na kilichobaki kumtunza ni wale watu aliokatazwa kukutana nao.