Kaburi, Hati na Nasaba: Kusoma Ukimya katika Historia ya Koo za Pwani ya Kenya

Historia ya koo za pwani ya Kenya ina mashahidi wawili wasiotegemea kumbukumbu ya mtu aliye hai: kaburi na hati ya ardhi. Mtafiti wa nasaba huvutiwa nao kwa sababu huonekana kutamka jina, mahali na mwaka. Hata hivyo, kila mmoja alitengenezwa kwa kusudi lake, na kusudi hilo ndilo lililoamua nani atajwe na nani aachwe.

Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria. Vitabu vingi huutaja mwaka huo kuwa 1399. Kwa hakika, mwaka 802 ulianza Septemba 1399, na sehemu yake kubwa imo ndani ya 1400. Aidha, mwaka wa mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, hivyo miaka 100 ya Hijria ni kama miaka 97 ya Miladi. Anayehesabu vizazi bila kulizingatia jambo hili hupotoka zaidi kadiri anavyorudi nyuma.

Kaburi lililojengwa kwa matumbawe na chokaa lilihitaji mafundi na mali. Wengi walizikwa bila maandishi yoyote. Lakini si kila kaburi lisilo na jengo ni la fukara, kwa kuwa wanazuoni wengi wa Kiislamu huchukia kujengea makaburi. Ukimya wa jiwe waweza kuwa dalili ya ufukara, na waweza pia kuwa dalili ya uchaji.

Hati ina tabia nyingine. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Hati za Ardhi, iliyomtaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani alipeleke kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Kwa hiyo rejesta zilizotokana na sheria hiyo ni orodha ya waliodai wakakubaliwa, si orodha ya wote waliokuwa wakikaa na kulima.

Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo hati hufichua yale ambayo kaburi haliyasemi, hasa habari za wanawake. Katika mirathi ya Kiislamu, mke wa marehemu aliyeacha mtoto hupata 1/8. Asipoacha mtoto wala mjukuu kwa mwanawe wa kiume, mke hupata 1/4. Wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana fungu hilo hilo. Basi mtafiti akikuta mjane aliyepewa 1/16 ya shamba, ana sababu ya kumtafuta mke mwenziwe, na huenda pia watoto, hata kama majina yao hayakuandikwa. Hesabu ya mafungu ni nasaba iliyoandikwa kwa tarakimu.

Lugha nayo yahitaji uangalifu. Pwani, minazi iliweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Hivyo neno "shamba" katika dai halina budi kuulizwa kama lilikusudia udongo au miti. Vilevile neno "ndugu" lamhusu aliyezaliwa tumbo moja na mdai, na pia mtoto wa baba yake mdogo. Karani aliyelitafsiri kwa maana moja tu alibadilisha umbo la ukoo bila kukusudia.

Ukimya mzito zaidi ni wa Wamijikenda. Wengi wao hawakuingia katika rejesta za 1908, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Hata hivyo, hawakukosa alama. Wagiriama huchonga vigango, nguzo za mti za kuwakumbuka waliokuwa katika chama cha Gohu. Kwa desturi, kigango kikisha simikwa hakihamishwi, hata jamaa wakihamia mahali pengine. Kwa hiyo kigango kilichobaki peke yake porini chaweza kuonyesha palipokuwa na boma la ukoo fulani.

Ndiyo maana wizi wa vigango si hasara ya sanaa pekee. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili vya nduguze. Baadaye viliibwa, vikaonekana katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Picha ile ilisaidia kuvitambua, na mwaka 2007 vilirejeshwa Kenya. Vingine vingi havina picha wala anayejua vilisimama wapi. Kila kinapong'olewa kimoja, hupotea ushahidi wa mahali ambao rejesta haikupata kuuandika.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Tangu hapo swali la nasaba halikubaki la wanazuoni tu, kwani hati ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaweza kuwekwa mbele ya masimulizi ya mzee na kudhaniwa kuwa na uzito zaidi kwa sababu tu imeandikwa. Hapana budi hati hiyo nayo ihojiwe: nani aliiandikisha, kwa kusudi gani, na ni nani aliyekuwa akilima hapo siku ile bila kuitwa kutoa ushahidi.