Kutoka Hewa hadi Maji: Tanuri na Boila katika Nyumba za Makaa za Pennsylvania

Historia ya kupasha nyumba joto nchini Marekani kwa kawaida husimuliwa kama mfuatano wa nishati: kuni zikaondolewa na makaa ya mawe, makaa yakaondolewa na mafuta, na mafuta yakapisha gesi asilia. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanafunika badiliko lililotokea ndani ya zama za makaa yenyewe, pale kaya zilizokuwa na tanuri la kupasha hewa zilipoling'oa na kuweka boila, yaani chombo cha chuma ambacho moto wake hupasha maji. Nishati ilibaki ileile, stoo ya makaa ikabaki palepale chini ya nyumba, na aghalabu hata dohani, lile bomba la kutolea moshi, haikuguswa. Kilichobadilika ni kile kinachobeba joto kutoka motoni hadi vyumbani. Pa kulichunguza badiliko hilo ni kaskazini-mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, kuzunguka miji ya Scranton na Wilkes-Barre, ambako makaa yalichimbwa chini ya miguu ya watu walewale walioyachoma.

Makaa ya huko huitwa anthrasaiti. Ni makaa magumu, meusi yenye kung'aa, na sehemu yake kubwa kabisa ni kaboni. Kwa ugumu huo hushika moto kwa shida, ila yakishashika hutoa moshi mdogo sana na ndimi fupi za buluu, na yakifunikwa vizuri hukesha hadi asubuhi. Wahunzi wa bonde la Wyoming, la hukohuko Pennsylvania, waliyatumia tangu karne ya 18 kwa kuyapuliza kwa mivukuto, lakini wenye nyumba waliyahesabu kuwa mawe tu, mpaka tarehe 11 Februari 1808, ambapo Jesse Fell, mwenye nyumba ya wageni mjini Wilkes-Barre, aliyawasha juu ya chanja ya chuma na kuonyesha kwamba hayahitaji mvukuto iwapo hewa itapenya kutoka chini yake. Kanuni hiyo ya hewa ya chini ndiyo iliyoongoza kila jiko, tanuri na boila ya anthrasaiti iliyotengenezwa baadaye.

Tanuri la hewa, lililoenea katika nyumba za watu wenye nafasi katika nusu ya pili ya karne ya 19, lilikuwa na muundo mwepesi kueleweka. Chungu kikubwa cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kiliwekwa katika chumba cha chini ya nyumba na kuzungukwa na koti la bati au ukuta wa matofali. Hewa iliyopita kati ya chungu na koti ilipata moto, ikawa nyepesi, ikapanda yenyewe kupitia mabomba mapana ya bati hadi kwenye matundu ya sakafuni, huku hewa baridi ikishuka kuchukua nafasi yake. Kwa kuwa mabomba hayo yalitawanyika pande zote kutoka kwenye tanuri, Wamarekani walilipachika jina la pweza, na aliyewahi kuingia katika chumba cha namna hiyo hahitaji kuelezwa sababu.

Ubora wa tanuri hilo ulikuwa bei yake na wepesi wa kupasha nyumba iliyopoa. Kasoro zake nyingi zilitokana na jambo moja: hewa iliyokwenda vyumbani ilitenganishwa na moto kwa unene wa chuma tu. Vipande vya chungu viliunganishwa kwa saruji ya tanuri, na kwa kuwa chuma hutanuka kinapopata moto na kusinyaa kinapopoa, maungio hayo yalilegea kadiri miaka ilivyopita, hata gesi za mwako zikaweza kupenya. Miongoni mwa gesi hizo imo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Hatari ndogo zaidi, lakini ya kila siku, ilikuwa vumbi la majivu lililopanda pamoja na joto na kutua juu ya mapazia. Tena hewa inayopanda kwa wepesi wake haina nguvu ya kusafiri mbali kwa ulalo, hivyo chumba kilichokuwa juu ya tanuri kilichemka wakati kile cha pembeni, upande unaopigwa na upepo, kilibaki baridi.

Maji yalitatua sehemu kubwa ya matatizo hayo kwa sababu ya kifizikia ambayo mafundi waliijua kwa vitendo. Kiasi fulani cha maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko ujazo uleule wa hewa kwa badiliko lilelile la nyuzi, kwa hiyo bomba linaloshikika kwa kiganja liliweza kufanya kazi ya mfereji wa bati usiokumbatika, na likaweza kupinda, kupita ukutani na kufika chumba cha mwisho bila kuchoka. Ufundi huo ulitoka Ulaya kwa kiasi kikubwa. Angier March Perkins, Mmarekani aliyefanya kazi London, alipata hataza ya kupasha nyumba kwa maji ya moto katika mabomba mwaka 1831, na Joseph Nason, aliyejifunza kwake, alirudi Marekani na kuanzisha kazi hiyo pamoja na James Walworth mwanzoni mwa miaka ya 1840. Kilichokosekana ni namna rahisi ya kutoa joto chumbani, na hicho kilipatikana baada ya miaka ya 1870, viwanda vilipoanza kusubu rejeta kwa wingi. Rejeta hapa si ile ya gari inayopoza injini, bali safu ya mirija ya chuma inayosimama chini ya dirisha na kukabili baridi inayoshuka kutoka kwenye kioo.

Boila nyingi za mwanzo zilitoa mvuke, na mvuke ulikuwa na sifa mbaya. Mwaka 1905 boila ya kiwanda cha viatu mjini Brockton, Massachusetts, ililipuka na kuua watu 58, na ajali hiyo ilichochea sheria na kanuni za utengenezaji wa boila zilizofuata. Boila za nyumbani zilifanya kazi kwa shinikizo dogo mno kulinganisha na zile za viwandani, lakini hofu haipimi shinikizo. Mfumo wa maji ya moto ulikuwa na jibu la wazi: tangi lililoachwa wazi darini, ambamo maji yaliyotanuka kwa joto yalipanda na kurudi, hivyo shinikizo halikupata pa kujikusanya. Maji yalizunguka bila pampu, ya moto yakipanda kwa wepesi na yaliyopoa yakishuka kwa uzito, na nyumba ikapata joto la taratibu lililoendelea hata moto ulipofifia, kwa kuwa chuma na maji vilikuwa vimejiwekea akiba. Gharama yake ni kwamba nyumba ya rejeta haikuweza kuachwa bila moto katikati ya majira ya baridi, maana maji yakiganda hupasua bomba; tanuri la hewa halikuwa na adhabu hiyo.

Si kila mtu wa nchi ya makaa aliyenufaika. Familia za wachimbaji, zilizopanga katika vijiji vya kampuni, zilitegemea jiko la jikoni pekee, na wanawake na watoto waliokota makaa katika vilima vya taka za mgodi, jambo ambalo kampuni ziliweza kulihesabu kuwa wizi. Vilima hivyo vilitokana na upangaji wa makaa kwa ukubwa: vipande vikubwa kama yai viliuzwa kwa bei nzuri, ilhali chenga ndogo, ambazo ziliziba hewa katika chanja za kawaida, zilitupwa. Boila ndiyo iliyokuja kuzipa chenga hizo soko la majumbani, baada ya kuunganishwa na mashine ya kulisha makaa iliyosukuma chembe kidogo kidogo motoni huku feni ikipuliza hewa. Kidhibiti cha joto cha aina aliyobuni Albert Butz wa Minneapolis mnamo 1885, ambacho awali kilifungua na kufunga kilango cha hewa cha tanuri, sasa kiliweza kuiamuru mashine nzima, na beleshi likabaki kwa kazi ya majivu tu.

Uboreshaji huo ulifika wakati biashara yenyewe ikianza kuporomoka. Uzalishaji wa anthrasaiti ulifikia kilele mwaka 1917, takriban tani milioni 100. Mgomo wa wachimbaji wa mwaka 1902, uliodumu tangu Mei hadi Oktoba mpaka Rais Theodore Roosevelt akaingilia kati, uliwafundisha wateja wa New York na Boston kwamba joto lao lilikuwa mikononi mwa watu wengine. Mgomo wa tangu Septemba 1925 hadi Februari 1926 ulikuta tayari wana mbadala, mafuta. Hapo ndipo boila ilipogeuka dhidi ya makaa yaliyoizaa, kwani mabomba na rejeta havijali kinachochemsha maji, na fundi aliweza kuondoa chanja, akafunga kichomea mafuta mahali pake na kuacha nyumba nzima kama ilivyokuwa. Tanuri la hewa nalo liliweza kugeuzwa hivyo, ila mabomba yake mapana yalihitaji feni, na mara nyingi kubomolewa. Mwaka 1940 zaidi ya nusu ya kaya za Marekani zilipashwa joto kwa makaa. Kufikia 1970 zilikuwa zimebaki chache sana. Januari 1959 mto Susquehanna ulipasua dari la mgodi wa Knox karibu na Pittston, wachimbaji 12 wakafa, na uchimbaji wa chini ya ardhi katika sehemu kubwa ya bonde la Wyoming ukafikia ukingoni.

Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, mlango uleule ulifunguka upande wa pili. Kaya za Pennsylvania ziliweka boila mpya ya chenga kando ya ile ya mafuta, zote mbili zikaunganishwa na mabomba yaleyale, pamoja na vali ya kuzuia maji ya moto yasiingie katika boila iliyozimwa na joto likapotelea katika dohani yake. Wenye matanuri ya hewa walioamua kuhamia maji walikuwa na kazi kubwa zaidi: kufungua chungu kipande kwa kipande, kuondoa mabomba ya bati ambayo mara nyingi yalikuwa yamefungwa kwa asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, kuziba matundu ya sakafu, kisha kupitisha mabomba mapya katika kuta zilizojengwa bila kuyatarajia. Gharama ya kazi hiyo iliweza kuizidi bei ya boila yenyewe, ndiyo maana baadhi ya kaya ziliacha matundu ya zamani sakafuni na kusimamisha rejeta pembeni yake.